Kitabu cha sheria hakieleweki? Soma hii kabla hujajiona huna akili

Wadogo zangu mnaosoma sheria, hasa nyie wa mwaka wa kwanza na wa pili, hii nimewaandikia nyie. Kila tesiti za kwanza zikikaribia napokea meseji zinazofanana kutoka kwa watu wasiojuana kabisa, dada nimeirudia hii chapta mara tatu na sijaambulia kitu, nahisi sheria siyo fungu langu. Nikiuliza unasoma nini natumiwa picha ya ukurasa, nafungua, nakuta sentensi moja ina mistari tisa, ndani yake kesi sita, Kilatini kimechomekwa katikati, na mwishoni mwandishi anasema wapo wenye maoni tofauti halafu anahamia mada nyingine bila kukwambia hao wenye maoni tofauti wanasemaje. Sasa hapo mdogo wangu kosa ni lako? Hicho kitabu kimeandikwa vibaya, na kukisoma mara ya nne usiku wa manane macho yanauma hakutakifanya kiwe kimeandikwa vizuri.

Nalijua hili kwa kuumia. Mwaka wa kwanza tulipewa tesiti ya mikataba, swali lilikuwa hivi: Juma yuko Mwanza, anamwandikia Neema wa Dar barua kwamba anamuuzia mashine ya kusaga kwa bei fulani. Neema anajibu kwa barua kwamba amekubali, anaiposti. Kesho yake anabadili mawazo, anampigia Juma simu kumwambia sitaki tena, na ile barua bado iko njiani. Je kuna mkataba? Mi nilikuwa nimekesha na kitabu, kurasa arobaini za ofa na kukubali ofa, nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba barua ikishapostiwa mkataba umefungwa, nikataja na kesi ya Adams na Lindsell ya 1818. Nilipata 4 kwa 15. Pembeni mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu neno moja tu na alama ya kuuliza: kifungu?

Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nimeshika ile karatasi kama nusu saa hivi. Halafu nikaingia ndani nikaomba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nikafungua kifungu cha 4 na cha 5. Ni nusu ukurasa, jibu lote lipo. Kwetu kukubali ofa kunambana aliyetoa ofa pale barua inapoondoka mikononi mwa anayekubali, lakini huyo anayekubali mwenyewe habanwi mpaka barua imfikie aliyetoa ofa, na kabla haijafika anaruhusiwa kufuta. Neema amepiga simu barua iko njiani, amefuta, hakuna mkataba. Kile kitabu changu cha kurasa arobaini hakikuwa na hata sentensi moja ya kunionya kwamba hapa tunaongelea Uingereza. Mwandishi aliwaandikia wanafunzi wa kwao, yeye hana hatia, ila mimi nilipewa kwenye silabasi kama kitabu kikuu na hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo haya nitakayoeleza ndiyo ninayotamani ningeambiwa siku ile.

Kagua kitabu kabla hujakiamini

Ukishika kitabu chochote cha sheria usianze chapta ya kwanza. Fungua kurasa za mwanzoni kabisa, kuna orodha mbili ambazo wanafunzi wengi wanaziruka, orodha ya kesi na orodha ya sheria zilizotajwa. Tafuta humo sheria ya nchi yako. Unasoma mikataba Tanzania Bara na Sura ya 345 haimo kwenye orodha? Basi hicho kitabu kinaongelea sheria ya watu wengine, kitakusaidia kuelewa wazo lakini hakiwezi kukupa jibu. Angalia na mwaka wa kuchapwa pia. Zoezi lote hilo ni dakika mbili.

Na ujue kwa nini vitabu vya Uingereza vimejaa kwenye maktaba zetu, maana hata hili vitabu vingi vinalipita juu juu. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Haki na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inayosema mahakama zetu zitafuata sheria zilizoandikwa, na pale pasipo na sheria iliyoandikwa ndiyo inaingia sheria ya Uingereza, ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama zao (common law), kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ona huo mpangilio. Sheria yetu iliyoandikwa inatangulia, Uingereza inaziba mapengo. Vitabu vinavyotumika vinakufundisha kinyumenyume, kesi za London kwanza halafu kifungu chetu kinatajwa mwishoni kama nyongeza, kama kinatajwa.

Sheria yetu ya mikataba asili yake siyo Uingereza moja kwa moja, ilikuja kwa njia ya India, sheria yao ya 1872. Ukiweka hizi mbili pamoja utakuta vifungu vingi namba ni zilezile, cha 2, cha 10, cha 25, cha 73. Hii ni habari njema sana kwako kwa sababu ile ya India ina mifano midogo midogo chini ya vifungu, A anamwandikia B barua kumuuzia nyumba, B anajibu, nani amebanwa lini. Kifungu cha 4 ambacho mimi kilinipotezea alama 11 kimeelezwa pale kwa mistari michache ambayo hata mtoto wa kidato cha pili anaelewa. Ukikwama na kitabu cha Uingereza nenda kasome mifano ya India halafu rudi kwenye kifungu chetu.

Rafiki zetu wa Kenya hili haliwahusu hivyohivyo, wao sheria yao ya mikataba, Sura ya 23, inasema wazi kwamba wanafuata misingi ya Uingereza, kwa hiyo ukiazima notsi za Mkenya za mikataba angalia sana. Na Zanzibar wana sheria yao ya mikataba, hii Sura ya 345 ni ya Bara.

Nikupe sehemu nyingine ambayo kitabu cha Uingereza kitakupeleka shimoni, maana inatoka kwenye mitihani kila mara. Ile konsidaresheni, yaani kile kitu ambacho upande mmoja unatoa au unafanya ili ahadi ya upande wa pili ishike. Kitabu kitakwambia lazima itoke kwa yule aliyeahidiwa mwenyewe, kama hujatoa kitu huwezi kudai. Sasa soma kifungu cha 2 chetu, kinasema aliyeahidiwa au mtu mwingine yeyote. Hayo maneno manne, au mtu mwingine yeyote, yanabadilisha kila kitu. Kuna kesi ya Madras, India, ya 1882, Chinnaya na Ramayya, mama mzee alimpa binti yake mali kwa makubaliano kwamba binti awe anawalipa ndugu wa huyo mama fedha kila mwaka, binti akaandikiana nao kabisa, baadaye akagoma kulipa, akasema hawa hawajanipa chochote. Mahakama ikamwambia mama yako ametoa, inatosha. Peleka mambo hayohayo kwenye kitabu cha Uingereza, kwa kanuni hiyo ya konsidaresheni utaambiwa ndugu wameshindwa. Na mikataba ya watoto ni vilevile, kwetu anza na kifungu cha 11 na ile kesi ya Mohori Bibee ya 1903 iliyosema mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo, usianze na maelezo ya Uingereza yenye matabaka kibao.

Usije ukatupa kitabu cha Uingereza lakini. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa imeigwa kwenye ile ya Uingereza ya 1893, huko kitabu chao kinakufaa vizuri tu. Ndiyo maana nasema kagua, sijasema kataa.

Kifungu kwanza, na penseli mkononi

Kifungu cha sheria kinatisha kwa sababu kimeandikwa kama sentensi moja isiyopumua. Kivunje. Kinakili kwa mkono kwenye karatasi, usikipige picha, na kila ukikutana na "na", "au", "isipokuwa", "endapo", kata mstari uanze mstari mpya. Halafu zungushia hayo maneno madogo. "Na" maana yake lazima vyote vitimie, "au" maana yake kimoja kinatosha, "isipokuwa" ndiko wakili wa upande wa pili anakosubiri.

Chukua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa ufupi kinasema mahakama ikitoa talaka au amri ya kutengana inaweza kuamuru mgawanyo wa mali ambazo wanandoa wamezichuma wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Ukishuka chini kinasema mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi katika kuchuma hizo mali. Kata mistari. Fedha, mstari. Mali, mstari. Au kazi, mstari. Ukishaliona neno kazi limekaa peke yake kwenye mstari wake swali linakuja lenyewe, kazi ipi? Kupika ni kazi? Kulea? Hapo tayari una swali, na ukiwa na swali hata kitabu kibovu unakisoma tofauti kwa sababu unajua unachotafuta.

Soma hukumu yenyewe

Hapa ndipo nataka mnisikilize sana.

Vitabu na madesa yote, zile notsi fupi tunazorithishana, yanataja kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ripoti za Tanzania za 1983 ukurasa wa 32. Karibu kila desa linaandika mstari mmoja, kazi za nyumbani ni mchango, halafu linaendelea. Wanafunzi wanatoka pale wanaamini Bi Hawa alishinda akapata sehemu ya nyumba. Nimeshawauliza wengi, tena wa mwaka wa tatu, wananijibu alishinda dada.

Hakushinda. Rufaa yake ilitupwa.

Kaisome. Walioana 1971, ndoa ikavunjika 1980, Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Mahakama ya mwanzo ikaona yeye ni mke tu, nyumba imenunuliwa kwa hela ya mume, hana chake. Akapanda juu akashindwa tena, mpaka akafika Mahakama ya Rufani mbele ya jopo la Jaji Mkuu Nyalali. Hapo majaji wakakabiliana na swali letu la neno kazi. Wakasema kuna mitazamo miwili, mtazamo mwembamba unaosema kazi za nyumbani ni wajibu tu wa mke, na mtazamo mpana unaosema ni mchango. Walichaguaje? Waliuliza hii sheria ya 1971 ilitungwa kuponya ugonjwa gani, wakajibu ni unyonyaji na ukandamizaji wa wanawake walioolewa, kwa hiyo wakachukua mtazamo mpana. Mpaka hapo Bi Hawa yuko juu. Halafu wakarudi kwenye ushahidi, wakaona mume aliwahi kumpa hela aanzishe mradi wa familia na yeye akaitapanya, wakasema mwenendo huo umefuta ule mchango wake. Msingi ukabaki na unatumika mpaka leo, yeye mwenyewe akakosa mgao wa nyumba.

Mi niliposoma hiyo hukumu mara ya kwanza nilikuwa na hasira na uchungu kwa ajili ya yule mama, na sijawahi kuisahau. Sikuikariri. Ndiyo tofauti. Desa lilininyima mambo mawili, namna majaji walivyofika kwenye jibu, na nusu ya pili ya jibu, ile kwamba mchango unaweza kupungua au kufutika kwa mwenendo. Na mtihani unapenda hiyo nusu ya pili.

Namna ya kusoma hukumu bila kupotea ni hii. Anza mwisho. Nenda paragrafu ya mwisho uone mahakama imeamuru nini, rufaa imekubaliwa au imetupwa, nani analipa gharama. Rudi juu utafute masuala, majaji wetu mara nyingi wanayaandika wazi kabisa kwamba suala lililo mbele yetu ni hili. Ndipo usome yaliyotokea. Hoja za mawakili pita nazo haraka, wanafunzi wengi wananakili hoja ya wakili aliyeshindwa wakidhani ni msimamo wa mahakama, nimeona hilo kwenye majibu mara nyingi mno. Ukifika pale majaji wanaposema kwa maoni yetu, punguza mwendo, hapo soma neno kwa neno. Halafu jiulize, nikiondoa sentensi hii matokeo yangebadilika? Kama yangebadilika umeipata ratio decidendi, sababu iliyobeba uamuzi. Kama yasingebadilika ni maneno ya pembeni, mazuri lakini hayabani. Kuna vitabu vinatumia kurasa ishirini kueleza hili jambo na unatoka umechanganyikiwa zaidi, jaribu hilo swali moja kwenye hukumu tatu utaona.

Kuzipata siyo shida siku hizi. TanzLII ni bure, iko chini ya Mahakama ya Tanzania, Wakenya wana Kenya Law, Uganda wana ULII. Pakua wakati una bando au uko kwenye waifai ya chuo, weka kwenye simu, usome hosteli.

Namba zinazotisha bure

Kitabu kinakutupia HCD, EA, TLR, TZCA na hakikwambii ni nini. TLR ni ripoti za sheria za Tanzania. EA ni ripoti za Afrika Mashariki, huko ndiko iliko Mukisa Biscuit ya 1969 ukurasa wa 696, ile ya pingamizi la awali (hoja ya kisheria inayotolewa kabla kesi haijasikilizwa) ambayo utaisikia mpaka unastaafu. HCD ni muhtasari wa maamuzi ya Mahakama Kuu wa miaka ya mwisho ya 60 na mwanzo wa 70, na namba yake siyo ya ukurasa, ni ya kesi, Atilio dhidi ya Mbowe, 1969, namba 284. Nilihangaika siku nzima natafuta ukurasa wa 284, niwaokolee hiyo siku. TZCA ni namba za sasa za Mahakama ya Rufani, TZHC za Mahakama Kuu, hizo ukizitaipu hivyohivyo TanzLII inakuletea.

Angalia sana fotokopi za steshenari. Kitabu changu cha jinai nilinunua kimetolewa kopi, kimebaindiwa vizuri, lakini mashine ilikuwa imekata mstari wa mwisho wa kila ukurasa, na chini ya ukurasa ndiko zinakokaa tanbihi, yaani majina ya kesi. Nilisoma muhula mzima kitabu kisicho na kesi nikidhani ndivyo kilivyo. Kabla hujalipa fungua kurasa kadhaa katikati uangalie kingo zote nne.

Na kuna hili la urekebu. Sheria zetu zimetolewa upya, Toleo la Urekebu la 2023, likaanza kutumika 1 Julai 2025, na baadhi ya sheria vifungu vimesogea namba. Kitabu chako na desa la kaka yako yana namba za zamani, namba nilizotaja humu pia ni za matoleo ya nyuma. Ukiandika kifungu kwenye mtihani andika na toleo, na uwe umekihakikisha kwenye toleo jipya kwa macho yako.

Sentensi ikikushinda

Kuna siku huna namna, lazima usome hicho kitabu. Sentensi zake zinakuwa kama hii, nimeitunga lakini mtaitambua: "Si kweli kwamba mnunuzi hatapoteza haki ya kudai pale ambapo hakuacha kukagua bidhaa, isipokuwa kama kasoro haikuwa ya aina ambayo ukaguzi usingeshindwa kuionyesha."

Usiisome tena na tena. Hesabu vikanushi. Si kweli kwamba hatapoteza, vikanushi viwili vinauana, inabaki anaweza kupoteza. Hakuacha kukagua, vinauana tena, alikagua. Ukaguzi usingeshindwa kuionyesha, maana yake ukaguzi ungeionyesha, na kasoro haikuwa ya aina hiyo, basi ni kasoro ambayo ukaguzi usingeiona. Iandike upya pembeni: mnunuzi akikagua mzigo anaweza kupoteza haki ya kulalamika, ila kama kasoro ilijificha. Mwisho. Mtu kanunua gunia la mahindi kalifungua juu kaona ni mazuri, chini kabisa yameoza, unajua tayari unaanzia wapi. Ile sentensi ilikuwa na wazo la mtu anayenunua mahindi sokoni, mwandishi akalifukia.

Kwenye kitabu changu cha ushahidi pembeni mwa kurasa nimejaza hizi sentensi zangu za penseli, na nikirudia nasoma pembeni tu.

Mara nyingine tatizo ni jina la mtendaji kupotea. Ilikubaliwa, ilionekana, inadaiwa. Na nani? Kila ukiona hivyo andika juu yake kwa penseli nani, mahakama au mwandishi au wakili. Kama hujui ni nani hiyo sentensi usiitumie kwenye jibu lako.

Ongea kwa Kiswahili

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, lakini vitabu vyetu na mitihani yetu mingi bado ni Kiingereza, kwa hiyo unapigana vita mbili kwa wakati mmoja, sheria na lugha. Zitenganishe. Ukimaliza kifungu na hukumu, funga kila kitu, mweleze mwenzako chumbani kwa Kiswahili cha kawaida, tena bora asiwe wa sheria. Mi nilikuwa nakaa na dada anayesoma uhandisi, nilimweleza kesi ya Donoghue na Stevenson, ile ya mama aliyekunywa kinywaji cha tangawizi akakuta konokono kwenye chupa, kule Scotland 1928, akaniuliza lakini si rafiki yake ndiye alinunua, yeye anadai kama nani? Hilo swali ndilo moyo wa kesi yote! Yule mama hakuwa na mkataba na mtu yeyote pale, ndiyo maana mahakama mwaka 1932 ikabidi iseme mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu hata kwa mnywaji ambaye hana mkataba naye. Kitabu kilikuwa kimeniambia wajibu wa uangalifu, jirani, ukaribu, vyote nimekariri, na sikuwa nimejiuliza swali la mtu wa uhandisi.

Ukiweza kueleza kwa Kiswahili na mtu akaelewa, kuhamisha kwenda Kiingereza ni kazi ya nusu saa. Ukianza na Kiingereza cha kitabu utahamisha maneno bila maana na msahihishaji anaona.

Halafu tengeneza ukurasa wako mmoja kwa kila mada. Juu kifungu ulichokivunja, katikati hukumu mbili au tatu, kila moja mistari mitano, nani na nani, nini kilitokea, suala, mahakama ilisema nini, kwa nini. Chini kabisa swali moja ambalo hujapata jibu. Hilo swali ndilo unalompelekea mwalimu. Ukienda ofisini kwake ukasema sielewi chapta ya tatu atakwambia kasome tena, na hapo huna cha kumjibu. Ukienda ukasema mwalimu kitabu ukurasa wa 112 kinasema lazima konsidaresheni itoke kwa aliyeahidiwa lakini kifungu chetu kinasema au mtu mwingine yeyote, tufuate kipi, atakaa chini na wewe. Na mkienda watatu wanne na jambo hilohilo, mwombeni kwa adabu abadilishe kitabu kwenye silabasi au aongeze orodha ya vifungu na hukumu za kwetu. Sisi tuliomba hivyo mwaka wa pili, tulipewa karatasi mbili za orodha ya kesi za Tanzania na ile orodha ilitusaidia kuliko kitabu kizima.

Kama unasoma hii na tesiti ni kesho na hujafanya lolote kati ya haya, usiguse kitabu usiku huu. Chukua silabasi, andika vifungu vinavyohusika, vivunje kwa penseli kimoja kimoja, halafu kwa kila mada fungua hukumu moja tu TanzLII usome suala, pale majaji wanaposema kwa maoni yetu, na amri ya mwisho. Ikifika saa sita usiku, lala.